Nimemnyoa baba, nayajua ya mwana

Wiki iliyopita kijana mmoja, muuza simu wa Kariakoo, aliketi kwenye kiti changu hapa Magomeni akanionesha video. Jamaa yuko Istanbul kupandikizwa nywele, kichwa kimefungwa bendeji. Picha inayofuata ana nywele tele. "Anko, kiwanja changu cha Chanika nakipiga bei, naenda," akasema. Ana miaka 26.

Nilishika kioo kidogo nyuma yake nikamwonesha asichowahi kukiona: utosini ngozi imeanza kung'aa, upana wa kifuniko cha soda. Pembe mbili za paji alizijua, ndizo zinazomkosesha usingizi. Sikumwambia jambo la tatu. Baba yake namnyoa tangu 2004, na alinijia na pembe hizohizo. Leo amebakiwa na ukingo mwembamba toka sikio hadi sikio; dakika nne nimemaliza. Urithi huu huweza kupitia kwa mama pia, hivyo baba si ramani kamili. Lakini kichwa kile nakifahamu.

Kinachouzwa Istanbul ni kisogo. Sisi vinyozi tunajua kwamba hata mwenye upara wa kumeremeta, kisogoni mashine haikosi kazi. Daktari Norman Orentreich wa New York alianza kuzihamisha nywele hizo mwaka 1952, akabaini kwamba za kisogoni zikipelekwa mbele hubaki na tabia ya kwao. Kwa hiyo kupandikiza si utapeli. Ila ni kung'oa miche kitaluni, na mche ukishang'olewa, pale ulipotoka hauoti mwingine. Kijana akikimaliza kitalu kwa kujazia paji, upara haumsubiri. Unaendelea kula nyuma ya zile zilizopandwa. Akifika miaka 40 ana kichaka mbele, uwanja katikati, na hana pa kuchota.

Halafu kuna nywele zetu Waafrika zenyewe. Kila siku naona vipele vya wembe, kwa sababu unywele wetu umejipinda mpaka chini ya ngozi. Fundi aliyezoea nywele zilizonyooka akitoboa kufuata kinachoonekana juu, anaweza kuukata mzizi, na mche ukafa kabla ya kupandwa. Wapo pia wateja wangu ambao kidonda kidogo tu kisogoni huwaachia kovu linalovimba. Kichwa cha namna hiyo hakiendi kutobolewa mara elfu mbili kwa sababu ya video.

Dawa zipo. Minoxidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele wasizozitarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu ya kupaka kichwani. Finasteridi ilikuwa ya tezi dume kabla ya kuruhusiwa kwa upara mwaka 1997. Dawa hizi husaidia zaidi anayewahi, wakati nywele bado zipo. Lakini ukiacha kutumia, ulichookoa kinaondoka. Tena finasteridi huwapunguzia baadhi ya wanaume hamu ya tendo la ndoa, na mjamzito hatakiwi kushika kidonge chake kilichovunjika. Hiyo si bidhaa ya kununua kwa mtu wa mtandaoni.

Wala si ya kununua kwangu. Kwa miaka mingi rafu yangu ilikuwa na chupa za mafuta yasiyo na lebo, ya "kurudisha nywele". Niliuza, na upara wa wateja nikaendelea kuunyoa. Nimeziondoa. Nawaomba vinyozi wenzangu nao waziondoe, maana sisi ndio tunaouona upara kabla ya mwenyewe. Neno letu la kwanza liwe daktari wa ngozi. Wapo nchini; pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachowafundisha wataalamu hao tangu miaka ya 1990.

Sisemi mtu asipandikize. Nasema asubiri upara wake uoneshe unakoelekea, ndipo apige hesabu ya kisogo alichonacho. Akichoka kusubiri, kunyoa kipara kwangu ni shilingi 5,000, na hakuna kiwanja kinachouzwa.

Kijana alilipa, akajitazama tena kiooni, akauliza kama pembe zile zitaongezeka. Nikamjibu baba yake ana zamu Jumamosi, waje pamoja.