Barabara ya Mandela na Jozi Moja ya Viatu

Asubuhi moja ya juma lililopita nilipanda daladala pale Tazara, nikielekea Mwenge, na kwa kuwa gari lilikuwa limesheheni abiria kama ilivyo ada ya saa zile, mtoto mmoja wa shule ya msingi, aliyekumbatia begi lake kifuani mithili ya mtu aliyebeba kuku, alisukumwa na umati mpaka akasimama ubavuni pangu. Aliniamkia kwa adabu ya watoto waliolelewa wakaleleka, akatulia kitambo, kisha konda alipokwisha kupiga ukelele mara ya tano kwamba gari lake linapita Mandela, akaniuliza, "Babu, huyu Mandela alikuwa na malori?"

Abiria wa karibu walicheka. Mimi niliona haya kidogo, kwa maana swali lile lilikuwa na insafu kamili: mtoto aliyezaliwa Temeke, ambaye tangu apate fahamu hajaona katika barabara ile ila malori yaliyobeba makontena kutoka bandarini kwenda Zambia na Kongo, yakimwaga vumbi na moshi mpaka Buguruni na Tabata, ana sababu gani ya kudhani kuwa mwenye jina lile alikuwa kitu kingine ila tajiri wa malori?

Jiji letu halina ubahili wa majina. Msafiri anayetoka Tazara huifuata Barabara ya Mandela mpaka Ubungo, akaivuka ile ya Morogoro, na pasipo kupinda kulia wala kushoto hujikuta yumo katika Barabara ya Sam Nujoma, yule Mnamibia aliyeingia Dar es Salaam mwaka 1960 akiwa mkimbizi, akaongoza chama chake cha SWAPO kutoka hapa, akaja kuwa rais wa kwanza wa nchi yake, na kufariki mwezi Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 95. Upande wa Oysterbay yuko Haile Selassie. Wageni hawa wote tumewapokea, tukawapa lami, na hilo ni jambo la murua ambalo miji mingi iliyo tajiri kuliko wetu haijalifanya. Lakini jina likisha kubandikwa barabarani huanza kulika kama nyayo za kandambili. Hutamkwa mara elfu kwa siku na makonda, madereva wa bodaboda na wauza maji, na kila linapotamkwa hupungukiwa na mtu ndani yake, hata mwisho likabaki kituo tu cha kushukia.

Haya ndiyo maradhi yanayowapata watu wanaotukuzwa na mataifa yote: kadiri wanavyozidi wanaodai kuwa ni wao, ndivyo fungu la kila mmoja linavyopungua. Mandela wa dunia nzima ni mzee mwenye tabasamu na mashati ya maua, asiyemuudhi mtu, anayefaa kuchapwa katika fulana za wavulana wa Kinondoni pamoja na Bob Marley na Che Guevara. Huyo sina haja naye sana. Nina haja na Mandela aliyekuja kwetu hali amechoka, kwa kuwa huyo ndiye fungu letu, na hakuna taifa jingine lililo naye.

Mwezi Januari 1962, ambapo Tanganyika ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu katika uhuru wake, mtu huyo, akiwa na miaka 43 na akisakwa na polisi wa Makaburu, alivuka mpaka kwa siri akaingia Bechuanaland bila pasipoti, akapata ndege ndogo iliyomfikisha Mbeya. Na katika hoteli ya Mbeya aliwaona weusi na weupe wameketi barazani wakizungumza kama watu, jambo ambalo katika nchi yake lisingewezekana, naye baadaye akasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba hapo ndipo alipojihisi kuwa huru kwelikweli. Tafadhali tulitafakari hili. Alikuwa mwanasheria, mtoto wa ukoo wa wakubwa wa Wathembu, na uhuru wake wa kwanza aliuonja Mbeya, katika hoteli ya kawaida, miongoni mwa watu waliokuwa hawana habari naye.

Alipofika Dar es Salaam alikutana na Mwalimu Nyerere, akastaajabu kuona waziri mkuu anakaa katika nyumba isiyo na fahari na anaendesha mwenyewe kigari kidogo aina ya Austin. Mazungumzo yao hayakuwa ya kupakana mafuta. Mandela alitaka msaada wa vita. Mwalimu alimshauri angoje mpaka Robert Sobukwe, kiongozi wa chama kilichokuwa kikishindana na ANC ya Mandela, atoke gerezani. Na mgeni aliudhika, ingawa alisaidiwa kufikishwa kwa Mfalme Haile Selassie na akapewa cheti cha serikali ya Tanganyika kinachomruhusu kutoka nchini na kurudi. Haukupita mwezi ule, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, ambaye leo jina lake wanalo watu wa Kinondoni na Magomeni katika barabara yao. Ama Mandela, alirudi kwao, akakamatwa mwezi Agosti, na mwezi Novemba akahukumiwa miaka mitano: mitatu kwa kuchochea mgomo, na miwili kwa kosa la kutoka nchini bila pasipoti. Hiyo miwili ndiyo nauli aliyolipa kwa safari iliyopitia kwetu. Kifungo cha maisha kilikuja baadaye, mwaka 1964.

Basi mtu asimame leo pale Tazara atazame juu. Barabara ya Nyerere imepandishwa darajani ikapita juu ya ile ya Mandela, kana kwamba wahandisi walijua kuwa wazee wale wawili hawakukubaliana na wakaona heri wapishane pasipo kugongana. Na daraja lenyewe, lililofunguliwa mwaka 2018, lina jina la mtu wa tatu, Mhandisi Patrick Mfugale, mtaalamu wa madaraja aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS, kama vile lile la ngazi tatu la Ubungo lilivyopewa jina la Mhandisi John Kijazi. Wapo waliolalamika kwamba wahandisi hawana daraja moja na wakombozi. Mimi nililipenda jambo hilo, maana mtu anayekwama katika foleni chini ya Mfugale anayo nafasi ya kutosha ya kufikiri nani hasa alimfanyia nini.

Nitaambiwa, na nimekwisha kuambiwa katika baraza moja ya Temeke Mwisho na rafiki yangu ambaye hakuna ninalolisema akalikubali, kwamba haya yote ni kutukuza wageni ilhali wazee wetu wenyewe wanasahauliwa. Hoja yake ina uzito. Lakini heshima baina ya mataifa ni mkopo unaolipika: mwaka 1995 serikali ya India ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, mtu wa kwanza kupewa alikuwa Nyerere, Mkatoliki wa Butiama akiheshimiwa kwa jina la Mhindu wa Gujarat. Na kama ni kusahau, hatuchagui wageni wala wenyeji. Reli iliyoipa Tazara jina lake, ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, iliwaua baadhi ya Wachina walioijenga, na makaburi yao yako hapa hapa, njia ya Gongo la Mboto, wala hakuna konda anayewataja.

Kumheshimu mtu wa mbali ni kumkaribisha katika lugha yako akae, ale unachokula. Mwalimu alipovutiwa na Shakespeare hakuomba barabara iitwe kwa jina lake; alikaa usiku, katikati ya kazi za urais, akamfundisha Kiswahili, tukapata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alipotaka kumtukuza Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kutiwa sauti yake katika santuri, hakuanza na santuri. Alituonyesha binti wa Fumba anayetembeza vyungu mjini akiviuza. Chungu kile ndicho kinachomfanya Siti awe mtu.

Mandela naye ana chungu chake. Alipopita hapa mwaka ule aliacha jozi ya buti nyumbani kwa Nsilo Swai, mmoja wa mawaziri wa serikali ile changa, na mkewe, Bibi Vicky Nsilo Swai, hakuzitupa wala kuzigawa. Alizitunza, akahama nazo kila familia ilipohama, miaka yote ile ambayo mwenyewe alikuwa kifungoni, Robben Island na kwingineko, mpaka alipotoka akamkabidhi mkononi. Ningekuwa mwenye amri katika jiji hili, ningeweka ubao katika kila kituo cha barabara ile, maneno yasiyozidi mistari minne, hiki kikisimulia kigari cha Austin, kile hoteli ya Mbeya, kingine ile miaka miwili ya pasipoti, na cha Buguruni, penye watu wengi, ningekiachia buti. Gharama yake haiwezi kufika bei ya bango moja la bia.

Hayo ya buti ndiyo niliyomsimulia mtoto yule, tukiwa tumekwama karibu na Tabata nyuma ya lori lililopata pancha. Alisikiliza bila kupepesa jicho. Kisha aliinamisha kichwa akavitazama viatu vyake mwenyewe, ambavyo cha kulia kilikuwa kimeanza kuachama mbele, akahesabu jambo fulani kwa vidole, akaniuliza kama mzee yule, siku aliporudishiwa, vilikuwa vingali vinamtosha.