Mpaka wa Hifadhi Usiwe Siri ya Ofisi

Hakuna ubishi kwamba taifa linalotaka kuwarithisha watoto wake misitu, wanyama na vyanzo vya maji halina budi kuweka mipaka na kuilinda. Wala hakuna ubishi kwamba mpaka huo ukisogezwa, hata kwa kilomita moja, yuko mtu ambaye jana alikuwa mkulima na leo anaitwa mvamizi. Swali linalowapasa watumishi wa umma kulijibu ni hili: je, mtu huyo alielezwa, alisikilizwa, na maneno yake yaliandikwa kabla mpaka haujasogezwa?

Swali hili si geni kwa watu wa Rukwa. Mkazi wa Kipili, katika Wilaya ya Nkasi, ana Ziwa Tanganyika mbele yake na milima nyuma yake. Kitoweo chake hutoka majini, lakini mbao za mtumbwi, kuni za kukaushia migebuka na shamba la mihogo vyote hutoka nchi kavu. Katika wilaya hiyo hiyo limo Pori la Akiba la Lwafi. Kaskazini iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Mbele zaidi, kando ya ziwa lile lile, mpaka wa Hifadhi ya Milima ya Mahale iliyoanzishwa mwaka 1985 unaingia majini umbali wa kilomita 1.6. Kwa hiyo mtu wa mwambao huo, awe mkulima au mvuvi, anafahamu kuwa habari ya mipaka inamhusu.

Haki inadai kwanza kukiri kwamba hifadhi hazipanuliwi kwa kupenda tu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, na hasara yake ikaonekana kwa wanyama wa hifadhini na katika maji yanayokwenda bwawa la Mtera, yanakozalishwa umeme. Huko Katavi nako, Mto Katuma hupungukiwa maji wakati wa kiangazi, na viboko hubanana katika vidimbwi vya matope. Anayesema kwamba kila upanuzi ni uonevu anafumba macho asione mambo haya.

Lakini upanuzi wenye sababu njema unaweza kuharibiwa na njia mbaya. Mfano wa karibu ni Bonde la Usangu. Tangazo la Serikali Namba 28 la mwaka 2008 liliiingiza sehemu kubwa ya bonde hilo katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Vijiji vya Mbarali vilibaki katika mgogoro kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2024 mradi mkubwa wa utalii wa kusini, uliokuwa umetengewa na Benki ya Dunia dola milioni 150, ulisimamishwa na hatimaye kufutwa, baada ya malalamiko ya wananchi wa eneo hilo kuifikia benki hiyo. Muda ulioonekana kuokolewa mwanzoni ulilipwa mwishoni, tena kwa riba.

Ushahidi mwingine umetolewa na Serikali yenyewe. Mwezi Januari 2019 Rais John Magufuli alisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyosemekana kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, na akaunda kamati ya mawaziri kuchunguza jambo hilo. Katika vijiji na mitaa 975 yenye migogoro iliyochunguzwa, uamuzi ulikuwa kwamba 920 vibaki. Hesabu hiyo inafundisha. Kama sehemu kubwa kiasi hicho ilistahili kubaki, basi katika mahali pengi kosa halikuwa la mwananchi peke yake. Ikumbukwe kwamba vijiji vingi nchini viliundwa kwa amri ya Serikali katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Mwananchi aliyepelekwa mahali na dola hawezi kulaumiwa kwa wepesi kwamba yupo hapo.

Sheria ya kuepusha balaa hili ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 4, inaeleza hatua za kufuatwa ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya hifadhi. Taarifa huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji, ikitaja eneo lilipo, ukubwa na mipaka yake, na sababu za kulitaka. Siku zilizowekwa na sheria sharti zipite kabla ya uhamisho kufanyika. Halmashauri inawajibika kuwaarifu wenye haki katika ardhi hiyo, nao wana haki ya kutoa maoni yao kwa halmashauri na kwa Kamishna wa Ardhi. Kamishna au mwakilishi wake akitakiwa hufika mkutanoni, aeleze sababu na kujibu maswali. Zaidi ya hayo, ardhi haihamishwi mpaka aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa.

Pana jambo moja ambalo wengi hawalijui. Eneo lisipozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji na maoni ya wananchi. Hekta 250 ni kilomita za mraba mbili na nusu tu, na ni nadra upanuzi wa hifadhi kuwa mdogo kiasi hicho. Maana yake ni kwamba, mara nyingi, kura ya kijiji haiwezi peke yake kuzuia mpaka. Nguvu ya wanakijiji imo katika hoja zao na katika muhtasari uliozibeba hoja hizo hadi mezani kwa Waziri. Muhtasari ukiwa umeandikwa kwa mistari mitatu kwamba wananchi walielimishwa na kuridhia, kijiji kimenyang'anywa silaha yake pekee.

Ziko pia ngazi nyingine. Hifadhi ya Taifa haitangazwi na Rais bila ridhaa ya Bunge. Kwa hiyo mpiga kura ana mbunge wa kumweleza kabla azimio halijapita, na wa kumwuliza likishapita. Pori la Akiba hutangazwa baada ya kushauriana na serikali za mitaa zinazohusika, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hapo diwani ndiye wa kubanwa. Na mashauriano hayo si pambo. Mwezi Septemba 2023 Mahakama Kuu mjini Arusha ilibatilisha tangazo la mwaka 2022 lililounda Pori la Akiba la Pololeti huko Loliondo, kwa sababu mashauriano yaliyotakiwa na sheria hayakufanyika. Anayekwenda mahakamani kuomba uamuzi wa namna hiyo upitiwe hana budi kuomba kibali ndani ya miezi sita. Anayengoja mpaka vigingi vifike uani kwake huenda akakuta mlango umefungwa.

Hapo ndipo wajibu wa mtumishi na wa mwalimu unapoonekana. Gazeti la Serikali haliuzwi gulioni Kipili wala Kirando. Likikaa katika jalada Namanyere, zile siku za taarifa zinakwisha bila mvuvi kujua kwamba zilianza. Mtendaji wa Kijiji anapaswa kuibandika taarifa hiyo ofisini, shuleni na mwaloni, na kuisoma mkutanoni kwa lugha inayoeleweka. Mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kalamu nyepesi kijijini, anaweza kuwasaidia wanakijiji kuchora ramani yao na kuandika pingamizi lao kwa mpangilio: nani analima wapi, tangu lini, makaburi yako wapi, maji yanachotwa wapi.

Mambo hayo hayaonekani katika ramani ya ofisini. Juu katika uwanda wa Ufipa, mkulima hufukia majani katika matuta yanayoitwa ntumba ili yaoze na kurutubisha udongo, na shamba lililochoka huliacha lipumzike. Mpimaji apitaye kwa siku moja huona pori tupu; mwenye mahali huona shamba la mwanawe. Asipoulizwa, kosa hilo litaingia katika tangazo na kuwa sheria.

Wapo watumishi wanaomwona mwananchi anayepinga kuwa mkorofi au mwenye kuchochewa. Fikra hiyo ni potofu. Sheria iliyompa nafasi ya kutoa maoni haikumpa nafasi ya kukubali tu. Mwananchi naye ajue kwamba pingamizi la kelele halifiki mbali. Kung'oa vigingi au kuwapiga askari wa wanyamapori ni kosa, tena huwapa wapinzani wake hoja ya bure. Alete ushahidi, apendekeze mpaka mwingine, adai njia ya maji na ya mifugo, na asisaini karatasi ya mahudhurio itakayogeuzwa kuwa karatasi ya kuridhia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi ya kijiji ni mali, na muhtasari wa mkutano ndio daftari lake. Mtumishi atakayeliandika daftari hilo kwa uaminifu, hata pale linapompinga mkubwa wake, atakuwa ameitumikia hifadhi na kijiji kwa pamoja. Hifadhi iliyowekewa mpaka kwa siri itahitaji askari kila penye kigingi. Ile ambayo majirani zake waliujadili mpaka wake na kuukubali itakuwa na walinzi wengi wasiolipwa mshahara.