TAHARIRI: Kofia ya abiria wa pikipiki Kisangani isisubiri kifo kingine

Tarehe 10 Desemba 1954, katika jangwa la New Mexico, Marekani, daktari wa jeshi la anga John Paul Stapp alifungwa kwa mikanda kwenye kigari cha roketi kinachokimbia juu ya reli. Kilifikia kilomita 1,017 kwa saa, kisha kikasimama ndani ya sekunde 1.4. Macho yake yalivilia damu, lakini alipona. Alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 89.

Stapp alithibitisha kwa mwili wake kwamba mtu aliyefungwa vizuri hustahimili kishindo kikubwa. Aligundua pia kuwa ajali za magari ziliua askari wengi wa jeshi lake kuliko za ndege. Akapigania mikanda ya usalama hadi Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria ya usalama wa magari mwaka 1966.

Kisangani, ambako baiskeli za toleka zimeipisha pikipiki, abiria hana mkanda. Pikipiki ikisimama ghafla, mwili wake unaendelea mbele, na mara nyingi kichwa ndicho kinachopokea lami. Kinga yake ni mwendo wa wastani na kofia ngumu. Hata hivyo, kutoka Makiso hadi Mangobo si ajabu kuona mama na watoto wawili nyuma ya dereva, wote vichwa wazi.

Serikali ya jimbo la Tshopo na vyama vya waendesha pikipiki vifanye kofia ya abiria kuwa sharti la kazi. Polisi nao wasiigeuze sheria hiyo kuwa njia ya kudai pesa barabarani.