Usiache Mbachao: Majarida ya Kiswahili na Uhamaji wa Mtandaoni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi katika mazungumzo ya biashara, ila inawafaa vilevile wahariri wa majarida ya Kiswahili katika kipindi hiki ambapo jarida baada ya jarida linaacha karatasi na kuhamia mtandaoni. Mali ya wahariri hao ni maandishi: makala, mashairi, hadithi fupi na mapitio ya vitabu. Daftari lao ni mahali ambapo maandishi hayo yatapatikana baada ya wao wenyewe kuondoka. Makala haya yanashikilia kwamba uhamaji huo ni wa heri na hauna budi kuendelea. Hata hivyo, wengi wameufanya bila daftari, na vyama vya wanafunzi ndivyo vilivyo katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza mali yao bila habari.

Ni haki kuanza na faida. Kwa miongo mingi, jarida la kitaaluma lilikuwa kitu cha kutafutwa kwa jasho. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo chimbuko lake ni taarifa zilizoanza kutolewa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mnamo 1930, lilikuwa na sifa kubwa miongoni mwa wasomi. Lakini sifa haibebi karatasi. Jarida lililopigwa chapa Dar es Salaam lilihitaji kuagizwa, kulipiwa na kuvuka mpaka kabla ya kufika kwenye rafu za maktaba ya chuo kilicho Kesses, nje ya mji wa Eldoret. Toleo moja likikosekana, mwanafunzi alitegemea hisani ya mhadhiri aliyekuwa na nakala yake binafsi, na mhadhiri akistaafu, nakala hiyo iliondoka naye.

Mojawapo ya majarida yaliyotangulia kuivunja minyororo hiyo ni Swahili Forum. Jarida hili lilianza mnamo 1994 nchini Ujerumani, likitolewa ndani ya mfululizo wa machapisho ya Chuo Kikuu cha Cologne. Kuanzia juzuu la 10, la mwaka 2003, likawa jarida la kielektroniki linalosomwa bila malipo. Juzuu hilo lilibeba bibliografia ya Thomas Geider kuhusu fasihi, isimu, utamaduni na historia ya Waswahili, yenye kurasa zipatazo 100. Kazi ya marejeleo ya aina hiyo, ambayo zamani ingefungiwa katika maktaba chache za Ulaya, ikawa mali ya yeyote mwenye tarakilishi iliyounganishwa na mtandao. Kabla ya hapo, mnamo 1998, mradi wa African Journals Online ulikuwa umeanza kuyaonyesha majarida ya Afrika kwa wasomaji waliokuwa hawajui hata kwamba yapo. Anayeyapuuza mafanikio haya hakuwahi kuandika tasnifu akiwa mbali na maktaba kubwa.

Hata hivyo, mlango kufunguliwa si sawa na mgeni kuingia. Mnamo 2003 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kupata intaneti, na huduma hiyo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS hazikufika Mombasa hadi mwaka 2009. Katika kipindi hicho cha kati, jarida la Kiswahili lililokuwa mtandaoni lilikuwa jepesi kulisoma Berlin kuliko Eldoret, ambako msomaji alikaa katika saiba ya mjini akilipia dakika huku ukurasa ukifunguka nusunusu. Ukweli huu unafaa kukumbukwa na wote wanaodhani kwamba kuweka kitu mtandaoni ni sawa na kukigawa. Pengo hilo limepungua sana tangu wakati huo. Vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, mwanafunzi aliyerudi kijijini hakuwa na maktaba nyingine ila ile iliyokuwamo katika simu yake.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, wapo wasomi waliolitilia shaka jarida la mtandaoni. Kwao, makala yasiyoshikika mkononi hayakuwa makala kamili. Shaka hiyo ilikosea shabaha. Ubora wa makala hutokana na wasomaji wanaoyatathmini kabla ya kuchapishwa na mhariri asiyeona haya kukataa kazi dhaifu, wala hautokani na wino. Pumba zikipigwa chapa kwenye karatasi ya bei ghali hubaki pumba. Lakini ndani ya shaka hiyo kulikuwa na punje ya hekima ambayo watetezi wa teknolojia hawakuisikiliza. Swali la maana halikuwa kama jarida la mtandaoni ni bora au hafifu. Lilikuwa: ni nani atakayelitunza?

Jibu la enzi ya karatasi linaonekana katika historia ya jarida la wanafunzi. Mnamo 1888, katika skuli ya wamishenari ya Kiungani, Unguja, wanafunzi walianza kuandika na kupiga chapa jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Halikuwa jarida la wakubwa. Lilibeba habari za skuli na za vituo vya misheni vya bara, zikiandikwa na vijana. Skuli hiyo haipo tena kama walivyoijua wao, na vijana wenyewe wamekwisha kwenda njia ya wote. Jarida lao bado linasomwa na wanahistoria, kwa sababu nakala zake zilitawanyika na baadhi zikaishia katika hifadhi za nyaraka. Hakuna aliyepanga kwamba liishi zaidi ya miaka 130. Karatasi ililinda maandishi yake kwa kutawanyika: moto ukiteketeza nakala hii, ile iliyo kwingine husalia.

Toleo la kidijitali halina bahati hiyo. Maelfu ya watu wanaweza kulisoma kwa siku moja, ilhali lenyewe limekaa katika mashine moja tu. Jina la tovuti hukodishwa. Halinunuliwi likawa la milele. Ada ya mwaka isipolipwa, anwani hufa au hutwaliwa na mwingine. Huduma ya bure nayo haina ahadi: kampuni ya Yahoo ilipoifunga GeoCities mnamo 2009, kurasa za watu wengi mno zilitoweka, na zilizonusuriwa ziliokolewa na watu wa kujitolea. Hata palipo na uangalizi mzuri, anwani hubadilika. Makala yaliyoinukuu Swahili Forum katika miaka ya 2000 yana anwani ya Chuo Kikuu cha Mainz; baadaye makala ya jarida hilo yakahamishiwa katika hifadhi ya kidijitali ya Qucosa, inayotumiwa na Chuo Kikuu cha Leipzig. Jarida hilo lilinusurika kwa kuwa kila lilipohama palikuwa na taasisi ya kulipokea. Je, jarida lisilo na taasisi nyuma yake litapokelewa na nani?

Hapa ndipo penye kidonda cha vyama vya wanafunzi. Chama cha wanafunzi ni kama mto: jina ni lilelile, maji ni mengine. Viongozi hubadilika karibu kila mwaka. Katibu anayefungua blogu kwa barua pepe yake mwenyewe huhitimu, hupata kazi, na nywila huondoka naye. Kamati mpya, badala ya kuendeleza, hufungua ukurasa mwingine. Baada ya miaka mitano kuna kurasa tatu zenye jina moja, mbili hazifunguki na ya tatu haina matoleo ya nyuma. Faili za zamani, ikiwa zipo, zimo katika diski za kuchomeka ambazo tarakilishi za leo hazina pa kuzitia. Jarida halikuungua wala halikuliwa na mchwa, lakini halipo.

Huenda msomaji akauliza kinachopotea ni kipi, maana kazi za wanafunzi aghalabu ni za kujifunzia. Swali hilo linajibiwa na Mambo Leo, jarida lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mnamo 1923. Miongoni mwa waliopeleka mashairi yao huko ni mtumishi mmoja wa serikali aliyeitwa Shaaban Robert. Mhariri aliyepokea bahasha zake hakuwa na njia ya kujua kwamba siku moja vizazi vizima vingemsoma mtu huyo darasani. Ndivyo yalivyo majarida madogo. Ndimo mtunzi anamojifunzia kutembea, na mhakiki anayetaka kujua alivyoanza hana budi kurudi humo. Kutupa jarida la wanafunzi ni kuamua leo, bila ushahidi wowote, kwamba hakuna yeyote kati ya waliomo atakayekuja kuwa mtu wa kutafitiwa.

Pingamizi moja linastahili heshima, nalo ni la gharama. Karatasi ni ghali, matbaa haikopeshi, na michango ya wanachama hukusanywa kwa kusukumana. Kweli tupu. Lakini hakuna anayedai kwamba vyama virudi kuchapa mamia ya nakala. Nakala za kusomwa zibaki mtandaoni. Kinachotakiwa kwenye karatasi ni nakala chache za kutunzwa. Watu wa maktaba wameujua msingi huu kitambo. Mpango wa LOCKSS, ulioanzia katika Chuo Kikuu cha Stanford mnamo 1999, umejengwa juu ya wazo kwamba nakala nyingi zilizotawanywa ndizo zinazokilinda kitu kisipotee, na jina lake lenyewe ni kifupisho cha maneno yenye maana hiyo. Wataalamu wa teknolojia mpya, kwa maneno mengine, waliirudia hekima ya karatasi.

Yapo mambo manne ambayo chama chochote kinaweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili. Kwanza, kila toleo lipigwe chapa japo nakala kumi, zipelekwe katika maktaba zinazojulikana, ndani na nje ya nchi, na stakabadhi za kupokelewa zihifadhiwe. Pili, faili kamili ya toleo, pamoja na jalada, tahariri na majina ya wahariri, iwekwe katika hifadhi ya kidijitali ya chuo, ambayo ina watumishi wa kudumu, badala ya kuachwa kwenye blogu ya mtu binafsi. Tatu, kila makala yawe na namba ya juzuu na kurasa zisizobadilika, ili anayeyanukuu asitegemee anwani pekee. Nne, makabidhiano ya uongozi yajumuishe nywila, faili na orodha ya matoleo, na yatiwe sahihi kama yanavyotiwa sahihi makabidhiano ya fedha. Wahadhiri walezi wa vyama nao wana sehemu yao hapa. Mwanafunzi hupita, mlezi hubaki, na orodha iliyo katika kabati lake ina maisha marefu kuliko kamati yoyote.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji utaalamu wa ajabu. Linalohitajika ni kubadili fikra kwamba kazi ya mhariri huisha toleo linapotoka. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa mtandao ni mzuri, nao umewapa nafasi ya kuketi watu ambao mkeka wa zamani haukuwatosha. Lakini mbacha uliochakaa ndio uliobaki sakafuni baada ya wageni wote kuondoka. Matoleo ya miaka iliyopita ambayo bado yamo mikononi mwa wahitimu na wahadhiri yanaweza kukusanywa na kupigwa picha kabla ya muhula kwisha. Kila muhula unaopita, wenye nakala hizo huzidi kutawanyika, na nakala ya mwisho ya toleo fulani, iliyosahaulika katika sanduku la mtu, haitapiga hodi kabla ya kupotea.