Stirio ya Zamani Haina Ukoo

Wapo washikiliao kwamba stirio ya zamani haijatimia mpaka kinanda cha sahani, amplifaya na spika vitoke kiwanda kimoja. Mimi siafiki, na sababu niliiona Migori.

Mzee aliyenikaribisha huko ana sahani za Shirati Jazz, bendi ya Daniel Owino Misiani aliyefariki mwaka 2006. Vyombo vyake ni vya viwanda vitatu, lakini gitaa la benga walisikia kana kwamba mpigaji yupo barazani. Kisa? Amplifaya yake yataka spika za omu 8, naye amefunga za omu 8.

Homa Bay nikakuta seti ya kiwanda kimoja, yameremeta kama bibi arusi. Mwenyewe akaunga jozi ya pili ya spika kwenye waya zile zile, ati arusi isikike mpaka ziwani. Omu 8 na 8 zikiungwa hivyo huwa 4. Amplifaya ikatoka moshi kabla pilau haijapakuliwa.

Nasi wa Pwani tusicheke. Sahani za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, ni za mizunguko 78, na mifereji yake ni mipana. Sindano nyembamba ya sahani za plastiki hutambaa chini vumbini, wimbo ukabaki kwenye kuta. Twasikia mkwaruzo, twasema sahani imekwisha, twaitupa!

Juzi jirani yangu alikuwa akizitupa tatu. Nimezichukua; sindano pana naitafuta.