Mikese, Tuanze na Mlango wa Zahanati

Ndugu zangu wa Mikese, wa Fulwe na vitongoji vya jirani, naomba siku moja ya msaragambo. Mifuko ya saruji tuichangie, mchanga na kokoto tuvisombe, fundi aje na pima maji yake. Kazi yenyewe ni kumwaga zege la njia ya mteremko mlangoni pa kila zahanati yetu isiyo nayo, ili mwenzetu wa kiti mwendo, mama wa magongo na babu aliyepooza upande mmoja waingie kutibiwa bila kubebwa mzegamzega.

Kubebwa huko tumekuzoea mno, na hapo ndipo penye ubaya. Mtu mzima ananyanyuliwa na vijana wawili mbele ya benchi lililojaa majirani, shati limempanda mgongoni au kanga imelegea, na kiti chake kimeachwa nje juani. Akitaka kwenda chooni, awaite tena. Akifedheheka hivyo mara moja, wengi tunajua kinachofuata: harudi. Presha haipimwi, kliniki ya mimba inakatishwa, na kidonda cha makalio kinachotokana na kukaa muda mrefu kinafichwa ndani. Kidonda hicho kikionwa kingali wekundu tu, tiba yake ni kumpunguzia mtu mgandamizo, kumgeuza mara kwa mara na usafi. Kikifika kwenye mfupa, kinaweza kumuua.

Fundi atauliza vipimo, basi tumpe. Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo njia iwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Asishawishiwe kuifupisha ili tuokoe saruji, maana mteremko mkali humpindua mtu kinyumenyume pamoja na kiti chake. Na tusiishie mlangoni. Choo nacho kiwe na mlango mpana na chuma cha kushikilia ukutani. Mganga mfawidhi na mhandisi wa halmashauri washirikishwe mapema, kazi yetu isije ikabomolewa.

Haya si hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inataka pawe na kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji. Je, ya kijiji chako ina nani? Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, asilimia 11.2 wana ulemavu, yaani zaidi ya mmoja katika kila kumi. Hesabu watu mkutano ujao, kisha ujiulize wenzetu hao wamebaki wapi.

Wazee walisema hujafa hujaumbika, na sisi tunaoishi kando ya barabara kuu tunalijua hilo. Malori yanapita usiku na mchana kwenda na kutoka mizani, bodaboda zinakatiza katikati yake, na kijana aliyetoka nyumbani na miguu miwili anarudi na mmoja. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwezi Juni 2024 inasimama Ngerengere kisha Morogoro, sisi inatupita. Kwa hiyo anayepewa rufaa ya kwenda mjini anapanda Noah au Hiace, na mara nyingi konda akiona kiti mwendo anadai nauli ya mzigo. Madereva wetu, na ninyi vijana wa kijiweni, kaeni mlimalize hili wenyewe. Kiti kile ni miguu ya abiria, na miguu hailipiwi nauli.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Mgonjwa kiziwi anakaa benchini tangu asubuhi, jina linaitwa dirishani, hasikii, anarukwa. Tukate vibao vidogo vya mbao, tuviandike namba, kila mgonjwa ashike chake na muuguzi anyanyue namba inayofuata. Chumbani ni pagumu zaidi: mama kiziwi anafasiriwa na mtoto wake wa darasa la nne habari za damu, za uzazi, hata za majibu ya virusi vya ukimwi. Hakuna mwanamke anayestahili hilo. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kiombwe kuwafundisha wahudumu wetu walau alama za maumivu, homa, mimba, na dawa inavyonywewa.

Wenye ualbino nao wasisahaulike kwa jua letu hili. Mafuta ya kukinga ngozi yanatengenezwa KCMC, Moshi. Tuishinikize halmashauri yafike hapa, na walimu wasiwapeleke watoto hao shambani saa sita mchana. Mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda, apelekwe hospitali mapema. Plasta hubadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, na mguu hunyooka. Jirani anayenong'ona habari za laana anamwibia mtoto wiki hizo. Vikundi vya vikoba vinaweza kutenga nauli yake.

Najua kila Desemba 3, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, tunagawa unga na sabuni, tunapiga picha. Mwenye ulemavu anahitaji kipato chake. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri imewekwa kwa mikopo isiyo na riba kwa ajili yao, na maofisa maendeleo ya jamii wawafuate nyumbani na fomu badala ya kuwasubiri ofisini.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mpelekee mtendaji hoja hii kwa maandishi kabla ajenda hazijafungwa: kamati iundwe, wenye ulemavu wenyewe wawemo, siku ya msaragambo itajwe papo hapo. Na mbao za zege zikishapangwa, aitwe kwanza jirani wa kiti mwendo aukague upana na kona, kabla saruji haijachanganywa.