Televisheni peke yake haikuiua Daiei

Kila ninaposoma juu ya studio Daiei ya Japani, mshitakiwa ni yuleyule: televisheni. Mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1. Mwaka 1970 hazikufika hata milioni 300. Hesabu hiyo haina ubishi. Lakini Toho, Shochiku na Toei zilipigwa na dhoruba hiyohiyo, na hadi leo zipo. Daiei ilifilisika Desemba 1971. Kwa maoni yangu, wa kuulizwa kwanza ni mkuu wake, Masaichi Nagata.

Daiei ilizaliwa mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilipozilazimisha kampuni za filamu kuungana. Mwaka 1950 ikatoa Rashomon ya Akira Kurosawa: kifo kimoja, masimulizi manne yasiyopatana. Nagata alisema haielewi. Aliyeielewa alikuwa mwalimu wa lugha. Giuliana Stramigioli, Mwitaliano aliyefundisha Kiitaliano mjini Tokyo na kushughulikia filamu za kwao huko, ndiye aliyependekeza ipelekwe Venice, na wakubwa wa Daiei hawakupendezwa na uchaguzi wake. Mwaka 1951 ikapata Simba wa Dhahabu. Kurosawa hakujua hata kwamba filamu yake imepelekwa. Anasimulia katika kumbukumbu zake kuwa alikuwa ametoka kuvua samaki alipopewa habari. (Wenzangu mnaoulizwa nyumbani kila likizo kwamba isimu itawalisha nini, lishikeni jina la mama huyo.)

Sitaki kumwonea Nagata. Alijifunza haraka. Kenji Mizoguchi alimletea Simba wa Fedha mwaka 1953 na tena 1954, na Jigokumon ikashinda Cannes mwaka huo wa 1954. Kwa muda mfupi hakuna studio ya Japani iliyosikika Ulaya kama Daiei.

Ila mwaka 1953 huohuo, Nagata aliongoza kampuni tano kuwekeana mapatano: mwigizaji au mwongozaji wa kampuni moja asichukuliwe na nyingine. Hapo ndipo ninapoona ufa. Mtu anayefungiwa hivyo akigombana na mkuu wake, hana mlango mwingine wa kubisha. Fujiko Yamamoto, nyota mkubwa wa Daiei, alitaka uhuru zaidi katika mkataba wake. Mwaka 1963 akatoka, na studio zote zikamfungia. Akaenda kwenye jukwaa la tamthilia na kwenye televisheni. Mwaka 1968 Jiro Tamiya alilalamika juu ya nafasi ya jina lake kwenye bango la filamu. Naye akafukuzwa, naye baadaye akang'ara kwenye televisheni.

Tazameni basi: adui anayetajwa kila mara aliletewa nyota na Nagata mwenyewe, bure. Shintaro Katsu, yule Zatoichi, alianzisha kampuni yake mwaka 1967. Raizo Ichikawa alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 37, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini nyumba iliyokwisha kuwafukuza wengine haikuwa na wa kuziba pengo lake, na tena Daiei ilikuwa na majumba machache ya sinema kuliko wapinzani wake.

Mkusanyo wa filamu zake sasa uko mikononi mwa kampuni Kadokawa. Yamamoto aliishi miaka mingi baada ya studio kufa. Kwenye filamu hakurudi tena.